Kuhamisha seva ya barua pepe bila kupoteza barua

Mwambie msimamizi wa tovuti kwamba tovuti yake itazimwa kwa saa tatu, atakunja uso. Mwambie hivyo hivyo msimamizi wa barua pepe aliyekula chumvi nyingi katika kazi hiyo, naye atakuuliza kwa nini usichukue saa sita ukafanya kazi kwa utulivu. Wote wawili wanaijali kazi yao. Tofauti iko kwenye mifumo yenyewe: tovuti isipojibu, msomaji anakutana na ukurasa wa kosa papo hapo, anakwenda zake. Barua isipopokelewa inabaki kwenye foleni kule ilikotoka, inasubiri, kisha inajaribu tena.

Ndiyo maana ushauri wa jumla kuhusu kuboresha seva haufai sana kwa seva ya barua pepe. Watu hukesha wakihangaika kupunguza dakika za kuzima, kumbe hatari imekaa kwingine kabisa. Seva ya barua iliyozimwa haipotezi kitu. Inayopoteza barua ni ile iliyo hewani, inayomwitikia kila anayebisha hodi, na inayotoa jibu lisilo sahihi. Ukilishika hilo, karibu kila hatua ya kutoka mashine ya zamani kwenda mpya itakueleweka, hata zile zinazofanana na uchawi.

Majibu matatu na ukimya

Itifaki ya SMTP, ambayo ndiyo inayobeba barua pepe kutoka seva hadi seva, iliandikwa na Jon Postel katika waraka wa RFC 821 mwaka 1982. Toleo linalotumika leo, RFC 5321, ni la mwaka 2008, lakini mazungumzo yenyewe hayajabadilika kiasi cha kumchanganya mtu wa zamani. Seva inayotuma inagonga mlango namba 25. Inayopokea inasalimia kwa namba 220. Mtumaji anajitambulisha kwa EHLO, kisha anataja yaliyo juu ya bahasha: MAIL FROM, barua inatoka kwa nani, RCPT TO, inakwenda kwa nani. Kila moja ikikubaliwa inajibiwa 250. Halafu anasema DATA, anajibiwa 354, yaani haya, lete. Barua inamiminwa mstari kwa mstari mpaka ifungwe na nukta moja iliyokaa peke yake kwenye mstari.

Baada ya nukta hiyo kuna kimya kifupi, na hicho ndicho kipindi muhimu kuliko vyote katika safari ya barua. Seva inayopokea ikijibu 250, dhamana inahama. Mtumaji ana haki ya kuifuta nakala yake, na mpokeaji ndiye mwenye mzigo kuanzia hapo. RFC 5321 inatamka wazi kwamba aliyepokea haruhusiwi kuipoteza barua kwa sababu za kipuuzi, na mfano wa sababu ya kipuuzi unaotolewa humo ni mashine kuzimika baadaye. Yaani hata umeme ukikatika sekunde moja baada ya 250, barua inatakiwa iwe imeshaandikwa kwenye diski.

Jibu likianza na 4, maana yake ni "si sasa, rudi baadaye". Likianza na 5, ni "hapana, na usirudi". Ukimya, yaani seva isiyopatikana kabisa, unahesabiwa kama jibu la 4. Waraka unapendekeza mtumaji asubiri angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na asikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Postfix, mojawapo ya programu za barua zinazotumika sana, huishikilia barua kwa siku 5 kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe.

Sasa weka mambo haya pamoja. Ukizima seva Jumamosi nzima, barua za Jumamosi zitafika Jumapili. Watu watanung'unika, na hakuna barua itakayopotea. Lakini ukiwasha seva mpya kabla orodha ya watumiaji haijaingia, kila barua inayofika inajibiwa 550, mtumiaji huyu hayupo. Kwa dakika kumi tu za namna hiyo, mamia ya watu wataambiwa kwamba wenzao wamefutwa kazi au wamehama. Mbaya zaidi, seva za nje zinazosambaza barua kwa vikundi huzihesabu hizo 550, na zikizidi humwondoa mtu kwenye kikundi bila kumuuliza. Madhara ya aina hiyo hugunduliwa wiki tatu baadaye, mtu anaposhangaa mbona kimya.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokiweka kwenye mashine mpya ni mstari mmoja wa Postfix: soft_bounce = yes. Huo hugeuza kila jibu la 5 kuwa la 4. Seva ikikosea, inakosea kwa kusema "rudi baadaye". Mstari huo haufai kuachwa kwa wiki nzima, kwa sababu hata barua taka zitakuwa zinaambiwa zirudi, lakini kwa usiku wa kuhama hakuna kinga rahisi kama hiyo.

Mashine inalemewa wapi

Kabla ya kuhama, watu hununua mashine mpya, na hapo makosa huanza kwenye karatasi ya maelezo. Wanatazama idadi ya viini vya prosesa. Kazi ya kupokea na kupitisha barua haili prosesa sana, labda kama unachuja barua taka na virusi kwenye mashine hiyo hiyo. Inachokula ni diski, na inaila kwa namna ya pekee: vipande vidogo vidogo, vingi, na kila kimoja kinataka uhakika.

Rudi kwenye kile kimya kabla ya 250. Ndani yake Postfix inaiandika barua kwenye foleni, kisha inaiamuru diski ithibitishe kwamba maandishi yamekaa mahali pa kudumu, hayaelei tu kwenye kumbukumbu. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, na kwa kazi ya kurukaruka huku na kule inamudu takriban shughuli mia moja kwa sekunde. Barua moja inahitaji shughuli kadhaa: kuandikwa, kusomwa, kuandikwa tena kwenye sanduku la mpokeaji, kufutwa kwenye foleni. Unaona jinsi dari linavyokuwa chini. Diski za SSD zimeliinua dari hilo sana, ila kuna tofauti kubwa kati ya zile za bei nafuu na zile zenye kinga ya umeme kukatika. Zenye kinga huthibitisha haraka kwa kuwa zina akiba ya umeme ya kumalizia kuandika. Za bei nafuu hupungua kasi vibaya zinapodaiwa uthibitisho kila mara, au zinathibitisha kitu ambacho hazijakifanya.

Kuna mtego mwingine ambao hauonekani mpaka ukunase. Masanduku ya aina ya Maildir huhifadhi kila barua kama faili lake. Mfumo wa mafaili wa ext4 hutenga idadi maalumu ya nafasi za mafaili, zinazoitwa inodi, siku diski inapoandaliwa, na kwa kawaida hutenga moja kwa kila baiti 16,384. Kwa diski ya terabaiti 1 hizo ni kama milioni 61. Zinasikika nyingi. Lakini kama barua zako ni fupi, tuseme kila moja inakaa kwenye baiti 4,096, inodi zitakwisha diski ikiwa imejaa robo tu. Seva itaanza kulalamika kwamba nafasi imekwisha, nawe ukiangalia utaona robo tatu ya diski iko tupu. Uwiano huo haubadiliki baada ya diski kuandaliwa. Dawa ni kuiandaa upya. Basi hesabu mafaili ya mashine ya zamani kabla ya kuandaa diski ya mashine mpya. Ni amri moja na dakika chache za kusubiri.

Kalenda huanza siku mbili kabla

Seva inayotuma haiijui mashine yako. Inajua kikoa chako, inauliza DNS, yaani kitabu cha majina cha mtandao, rekodi ya MX inayotaja seva ya barua ya kikoa, inapewa jina la seva, inauliza jina hilo lina anwani gani ya IP, ndipo inakuja. Kila jibu la DNS lina muda wake wa kuishi, unaohesabiwa kwa sekunde, na anayeuliza huruhusiwa kulikumbuka jibu mpaka muda huo uishe. Rekodi nyingi huwa na 86,400, yaani siku nzima.

Kosa linalojirudia ni kupunguza muda huo saa ile ile ya kuhama. Mtu anaandika sekunde 300, anabadilisha anwani, halafu anashangaa barua zikiendelea kwenda kwenye mashine ya zamani mpaka kesho yake. Waliouliza asubuhi walipewa jibu lenye umri wa siku nzima. Hawana sababu ya kurudi kuuliza. Mabadiliko ya muda yanatakiwa yatangulie kwa kiasi cha ule muda wa zamani. Kama ulikuwa siku moja, punguza siku mbili kabla, ulale usingizi. Na uangalie rekodi sahihi: jina la seva likibaki lile lile, kinachobadilika ni anwani ya jina hilo, wala MX haiguswi. Nimewaona watu wakipunguza muda wa MX kwa uangalifu mkubwa na kuisahau rekodi ya anwani iliyokuwa na siku nzima.

Hata ukifanya kila kitu sawasawa, wapo watakaoendelea kuikumbuka anwani ya zamani. Una njia mbili za kuwashughulikia. Ya kwanza ni kuifanya mashine ya zamani ipokee na kuzisogeza barua kwenda kwenye mpya. Inapendeza, ila inaleta mambo: barua zote hizo zitaonekana zinatoka kwenye mashine yako ya zamani, na vichujio vya mpya vitaziona kama udanganyifu usipovionya mapema. Njia ya pili ni kufunga mlango wa 25 kwenye fayawoli ya mashine ya zamani na kuwaacha wabishe hodi bila kuitikiwa. Watarudi kwenye foleni zao, watauliza DNS upya, watakuja mahali papya. Mimi huchagua njia ya pili kila ninapoweza. Uvumilivu wa itifaki upo kwa kazi hiyo hiyo.

Usiku wenyewe

Kunakili masanduku ya barua ya miaka kumi huchukua saa nyingi, lakini hakuna ulazima wa kuzima kitu saa zote hizo. Unanakili kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, huku seva ikifanya kazi kama kawaida, hata siku tatu kabla. Nakala hiyo itakuwa imepitwa, na si tatizo. Usiku wa kuhama unazima huduma kwenye mashine ya zamani, unaendesha rsync tena, nayo safari hii inabeba tofauti tu. Kilichochukua saa 14 kinamalizika kwa dakika 20, na sehemu kubwa ya dakika hizo ni kupitia orodha ya mafaili kuliko kubeba chochote.

Panapohitaji macho ni kwenye vitu vidogo vinavyosafiri pamoja na barua. Programu za kusomea barua kwa IMAP, njia ya kusoma barua zikibaki kwenye seva, huzitambua barua kwa namba, na kila folda ina namba yake ya utambulisho inayoitwa UIDVALIDITY. Namba hiyo ikibadilika, programu ya mtumiaji inalazimika kudhani folda ni mpya na kuzishusha barua zote tena. Fikiria watu 2,000 wakifungua kompyuta asubuhi ya Jumatatu na kila mmoja anashusha gigabaiti 5. Mashine mpya itaonekana mbovu kuliko ya zamani, na si kosa lake. Kwenye Dovecot, programu ya seva inayowapa watumiaji barua zao, habari hiyo imo ndani ya faili dogo linaloitwa dovecot-uidlist, ambalo hukaa kwenye sanduku lenyewe. Ukinakili sanduku zima pamoja na hilo faili, hakuna atakayejua kwamba amehamishwa. Ukiamua kuwa msafi, ukachukua barua tu na kuacha "takataka" zingine, Jumatatu utajuta. Wale wa POP3, njia ya kushusha barua kwenye kompyuta, wanaoacha barua kwenye seva wana kisa chao: utambulisho ukibadilika, barua zote za zamani zinashuka mara ya pili, na mtu anakuta nakala mbilimbili za miaka minane.

Halafu kuna umiliki wa mafaili. Mfumo wa uendeshaji humjua mwenye faili kwa namba, jina ni pambo la kumrahisishia binadamu. Diski ikichomolewa kwenye mashine ya zamani na kuchomekwa kwenye mpya, faili la mtumiaji namba 5000 litakuwa la yeyote mwenye namba 5000 huko liendako, na huenda huyo ni huduma nyingine kabisa.

Foleni ndiyo ya mwisho kukumbukwa. Usiku wa kuhama, ndani yake huwa kuna barua ambazo wewe ulishazijibia 250. Ni dhamana yako. Njia safi ni kuiacha mashine ya zamani imalize kuzituma yenyewe huku ikiwa imefungiwa kupokea mpya. Ukilazimika kuibeba foleni, jua kwamba Postfix huyapa mafaili ya foleni majina yanayotokana na namba ya inodi, na kwenye diski mpya namba hizo hazitalingana. Amri ya postsuper -s huyapa majina mapya. Bila hiyo unaweza kupata barua mbili zinazogombania jina moja.

Mgeni asiyejulikana

Mpaka hapa tumezungumzia barua zinazoingia. Upande wa kutoka una tabia nyingine kabisa, kwa kuwa huko wewe ndiye unayebisha hodi. Seva kubwa za dunia huiamini anwani ya IP kwa historia yake. Mashine yako ya zamani, pamoja na uchovu wake wote, ilikuwa na miaka ya mwenendo mwema. Mpya haina lolote, au ina la mpangaji aliyepita, na huenda hakuwa mtu mwema.

Ikiwezekana kuhama na anwani ile ile ya IP, hama nayo, hata kama inamaanisha usumbufu wa usiku mmoja. Isipowezekana, kuna kazi za kufanya kabla barua ya kwanza haijatoka. Rekodi ya PTR, inayogeuza anwani kuwa jina, lazima ielekeze kwenye jina la seva, na jina hilo lirudi kwenye anwani hiyo hiyo. Wengi huitafuta kwenye mipangilio ya kikoa chao na hawaioni. Anayeitawala ni mwenye anwani, yaani kampuni iliyokukodisha mashine. Uliza pia kama mlango wa 25 wa kutoka uko wazi, maana makampuni mengi ya wingu huufunga kwa mashine mpya ili kuzuia barua taka. Kwenye rekodi ya SPF, inayotaja anwani zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa chako, ongeza anwani mpya mapema na uiache ya zamani ibaki kwa muda. Ufunguo wa DKIM, wa kutilia saini barua zinazotoka ili mpokeaji azithibitishe, unaweza kuuhamisha kama ulivyo, na usiku huo mimi ningefanya hivyo. Kubadilisha ufunguo ni jambo jema la wiki ijayo.

Kuna IPv6 pia, mfumo wa anwani uliokuja baada ya ule wa kawaida wa IPv4. Mashine mpya za kukodi mara nyingi huja na anwani ya IPv6 iliyowashwa tayari, na programu ya barua inaweza kuipendelea bila kukuambia. Umekamilisha kila kitu kwenye IPv4, umejaribu, umeridhika, kisha Gmail inakataa barua kwa kuwa zimefika kwa IPv6 isiyo na PTR. Ama unaipa IPv6 haki zake zote, ama unaizima kwa inet_protocols = ipv4 mpaka upate nafasi.

Saa ya kwanza baada ya kuhama, foleni ya kutoka itavimba. Usishtuke. Seva nyingi hutumia mbinu ya kumkatalia kwa muda mtumaji wanayemwona mara ya kwanza, kwa hoja kwamba programu za barua taka aghalabu hazirudi. Kwa anwani mpya, kila mahali ni mara ya kwanza. Logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya seva, itajaa 450 na 451. Postfix itarudi baada ya dakika 5, kisha itakuwa inaongeza muda mpaka kama saa moja na kidogo, na foleni itapungua yenyewe. Kinachoharibu ni kidole: msimamizi anaona namba zinapanda, anailazimisha foleni yote itumwe sasa hivi, tena na tena. Seva za nje zinaona mgeni anayebisha kila dakika, na zinamtendea kama anavyoonekana.

Kama seva yako hutoa barua nyingi sana, kuna mbinu ninayoipenda. Usihamishe mlango wa kutokea siku moja na mlango wa kuingilia. Iache mashine mpya ipokee na kuhifadhi, lakini barua za nje izipitishe kwenye mashine ya zamani, yenye jina lake zuri. Kisha kila siku chache sogeza sehemu ndogo itoke moja kwa moja, ukianzia na barua ambazo watu huzijibu. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji wakubwa. Google huhesabu kuanzia barua 5,000 kwa siku kwenda kwenye akaunti za Gmail, inataka SPF, DKIM na DMARC (agizo la kikoa kuhusu barua zisizopita ukaguzi wa hizo mbili) vyote viwepo, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3.

Idadi hiyo ni kubwa kwa ofisi, na ni ndogo sana kwa seva inayosambaza barua za vikundi. Barua moja inaingia, wanakikundi ni 3,000, zinatoka 3,000. Barua 40 kwa siku ni usambazaji wa 120,000. Postfix inaweza kuwaweka wapokeaji hadi 50 wa kikoa kimoja kwenye safari moja, lakini programu nyingi za vikundi humpa kila mpokeaji anwani yake ya kurudishia ili zijue ni nani hasa aliyeshindwa kupokea. Hapo kila barua inakuwa ya pekee na akiba yote inapotea. Ukiboresha seva ya namna hii, huenda programu ya vikundi ndiyo itakayokugharimu muda kuliko mashine. Mailman 2, mojawapo ya programu hizo, ilijengwa juu ya lugha ya Python 2, iliyoacha kutunzwa tarehe 1 Januari 2020, na Mailman 3 ni jengo jingine, lenye hifadhidata na sehemu kadhaa zinazoendeshwa kando. Ningehamisha mashine kwanza na programu ya zamani, nikasubiri mwezi, ndipo nikaigusa programu. Vikiharibika vyote kwa pamoja hutajua pa kushika.

Kosa la namba moja

Nimalizie upande huu na mtego mmoja, kwa kuwa unaonyesha vizuri maana ya seva kujibu vibaya. Vichujio vya barua taka huziuliza orodha nyeusi, yaani orodha za anwani zinazotuhumiwa kutuma taka, kama za Spamhaus, kwa njia ya DNS. Unazigeuza namba za anwani ya IP kinyumenyume, unaambatisha jina la orodha, unauliza. Ukiambiwa jina hilo halipo, anwani ni safi. Ukipata jibu kama 127.0.0.2, imeorodheshwa.

Mashine ya zamani ilikuwa na seva yake ndogo ya kutafutia majina. Mpya imekuja na mipangilio ya kiwandani inayouliza kupitia seva ya umma inayotumiwa na dunia nzima. Spamhaus haijibu maswali yanayopitia huko, inarudisha 127.255.255.254, ambayo ni namba ya kosa, maana yake umeuliza kupitia njia isiyoruhusiwa. Lakini mipangilio uliyoirithi, iliyoandikwa miaka mingi iliyopita, inasema jibu lolote ni hatia. Matokeo yake kila anwani ya dunia inaonekana imeorodheshwa, na seva yako mpya, inayong'aa, inamjibu kila mtumaji 554. Mashine haijazimika, prosesa imepumzika, diski iko kimya. Vipimo vyote vya kawaida ni vya kijani.

Dawa ni kuweka seva ya kutafutia majina kama Unbound ndani ya mashine yenyewe, na kutaja wazi ni majibu yapi ya orodha yanayohesabiwa kuwa hatia. Na hapa ndipo ule mstari wa soft_bounce unapolipa gharama yake: watumaji wote hao wangekuwa wameambiwa warudi baadaye, wewe ungekuwa umesoma logi, na wangerudi wakakuta mambo yamekaa sawa.

Mashine ya zamani

Usiizime haraka. Kwanza, iondolee imani kwamba kikoa bado ni chake. Kama kuna tovuti au kazi za usiku zinazoendelea kuishi humo, zinapomwandikia mtu wa kikoa chako, Postfix ya pale inatazama mipangilio, inaona kikoa kiko kwenye mydestination, mstari wa vikoa vinavyohesabiwa kuwa vya ndani, na inaziweka barua kwenye sanduku la ndani bila kuuliza DNS kabisa. Jibu ni 250, logi inasema imefika, na sanduku hilo hakuna anayelifungua tena. Likiondolewa jina la kikoa kwenye mstari huo, barua zitafuata njia kama za mtu mwingine yeyote.

Kisha iache mwezi mmoja au miwili, mlango wa 25 ukiwa umefungwa lakini fayawoli ikiandika kila anayegonga. Siku za mwanzo utaona seva za kawaida zenye kumbukumbu ndefu, zikipungua kila siku. Wiki ya pili watabaki watumaji wa barua taka, ambao hubaki na anwani za zamani kwa miaka. Kisha, katikati ya kelele hizo, utaona anwani moja ya ndani ya mtandao wako mwenyewe ikigonga kila siku ya kazi saa za asubuhi, mara nne au tano, halafu inanyamaza. Ukiifuata utafika kwenye mashine ya kutoa nakala ukutani, ambayo mtu fulani aliwahi kuiandikia anwani ya seva kwa namba badala ya jina, na ambayo tangu usiku ule wa kuhama imekuwa ikiskani nyaraka za watu na kuonyesha kosa kwenye kioo kidogo ambacho hakuna anayekisoma.